Ng'ombe wa Mahari Aliyegeuka Land Rover

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Land Rover ya Fébronie ilikuwa mbaya kiasi kwamba hata kujitembeza haikuweza. Iliingia Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ikiburutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la matoke lililokuwa likirudi tupu kutoka Mbarara, manyoya ya kuku yakipeperuka madirishani.

Asubuhi hii inanguruma. Fébronie, mjane Mrundi wa makamo, amelala chali chini yake, kitenge kimefungwa juu ya suruali, anakaza nati za springi. Inaonekana miguu tu.

"Mama Bella, umekufa huko?" jirani anamtania akipita na ndoo.

"Nikikufa utasikia gari imenyamaza!"

Gari hilo kuukuu lilikuwa banda la kuku la Ignatius, sajenti mstaafu wa Mbarara. Fébronie aliliona alipokwenda kutafuta vyuma chakavu. Aligonga shasi kwa nyundo, akasikiliza mlio, akajua haijaoza.

"Nilimwambia, nyabo, mama, hii ni nyumba ya kuku," anakumbuka Ignatius. "Akasema, afande, hamisha kuku. Huyo mama hapana mchezo."

Alilipa kwa ng'ombe, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Ng'ombe huyo alikuwa mahari ya binti yake, Bella. Kwa desturi ya kwao, ng'ombe wa mahari hutunzwa mpaka azae, kisha siku moja ndama hupelekwa kwa wakwe kama shukrani. Fébronie alimtoa kabla hajazaa.

"Shemeji ametuvua nguo," anasema Vénant, mdogo wa marehemu mumewe na msemaji wa ukoo. "Wakwe wakikuja nitawaonyesha nini? Tairi?"

Ufundi Fébronie aliupata kwa mumewe, Thaddée, aliyekuwa akitengeneza magari ya misheni huko Makamba, Burundi. Gasketi za injini alizikata kutoka katoni za mafuta ya kupikia. Milango aliinyoosha kwa nyundo, viti akavichonga kwa mbao.

"Walisema mjane amechanganyikiwa," anasema. "Mimi nilijua moteri iko muzima. Ilikosa tu mutu wa kuihurumia."

Masika yaliyopita, barabara ya Rugaaga ilipogeuka uji, malori yalikwama na maharage yakaanza kuchipua ndani ya magunia. Land Rover ilipita. Miongoni mwa magunia iliyoyafikisha Mbarara yalikuwemo ya wakwe wenyewe, na mama mkwe wa Bella alikaa mbele, akipungia watu mkono njia nzima.

Vénant hakulainika. Jumapili hii, baada ya misa, wakwe wanakuja rasmi, naye anataka Fébronie aombe radhi mbele yao. Akikataa, Vénant hatasimama kuwasemea mama na binti, na Bella atabaki kwenye ndoa bila ukoo nyuma yake.

"Maman asipige magoti kwa ajili yangu," anasema Bella, akimpitishia mama yake spana.

Fébronie anajivuta kutoka chini ya gari, uso umejaa grisi. Mpango wake ni kubeba mazao ya wakulima mpaka apate pesa za mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, awape wakwe badala ya ndama yule.

"Ndama watapata. Nitamununua huko Endiinzi, nitamupandisha humu, nitamufikisha mimi mwenyewe mpaka kwenye mulango wao." Anaipiga boneti kofi, kisha anamgeukia mwandishi wa makala hii. "Lakini radhi? Mwambie Vénant, na umwandikie vizuri aisome: siombi."