Siku Mama Alipotajwa Mahakamani

Mahakama ya Amerika ilifunguliwa saa kumi na moja jioni, saa za Doha, juu ya kitanda changu kule Muaither. Simu nilikuwa nimeilaza kwenye mto, sauti nimeipandisha hadi mwisho. Mwenzangu wa chumba, Mganda anayefanya kazi hotelini The Pearl, alikuwa ameketi sakafuni na sare yake ya kazi. Basi lao lilishapiga honi na kuondoka. Alisema khalas, basi tena, atapanda teksi, kesi hii haimpiti.

Kesi yenyewe ilikuwa ya kitinda mimba wetu. Anasoma huko Amerika kwenye chuo kikuu cha serikali, na walikuwa wamemsimamisha masomo kwa sababu alisimama na wenzake kwenye ngazi za maktaba, na mabango ya kupinga vita na ngoma moja. Mwanafunzi asiyesoma hana viza. Angerudishwa nyumbani akiwa amebakiza muhula mmoja tu, na jasho letu lote lingekwenda na maji. Badala ya kulia, yeye akakishtaki chuo katika mahakama ya shirikisho, ile ya taifa zima, akidai kwamba chuo cha serikali hakiwezi kumwadhibu mtu kwa maneno yake. Niliposikia nilimwita mwendawazimu. Kisha nikaenda kazini, kliniki pale Al Sadd, nikamsimulia kila nesi aliyekubali kunisikiliza. Nilijivunia, tena sana.

Mahakama za huko huruhusu watu kusikiliza baadhi ya kesi kwa simu. Unapiga nambari, karani anakuonya usirekodi, halafu unazimwa sauti. Kunizima mimi sauti! Nilibishana na ile simu tangu mwanzo, na hakuna aliyenisikia isipokuwa Mganda wangu, aliyekuwa akinifinya mguu ninyamaze.

Nilidhani jaji atauliza kuhusu vita, nani ana haki na nani hana. Wapi! Hakugusa kabisa. Aliuliza upana wa ngazi. Aliuliza kama kuna mtu aliyeshindwa kuingia maktaba, na ngoma ilipigwa saa ngapi. Mdogo wangu alikuwa amenieleza mapema: serikali inaruhusiwa kupanga watu waandamane wapi, lini na kwa kelele kiasi gani, mradi sheria iwe moja kwa wote, wanaosema linalopendeza na wanaosema linaloudhi. Basi jaji alikuwa akichimba hapo hapo.

Ndipo wakili wa chuo akasema neno lililonikata maini. Alisema hata mama mzazi wa mwanafunzi alikwishapiga simu ofisini kwa mkuu wa kitivo, akaomba radhi kwa niaba ya binti yake. Kwa hiyo familia yenyewe inakiri kosa.

Mama! Hakutuambia hata mmoja. Lakini nilielewa papo hapo. Kwetu ukifukuzwa shule unarudi na mzazi. Mzazi anainamisha kichwa mbele ya mwalimu mkuu, mtoto anarudi darasani, yamekwisha. Mama alikuwa mwalimu mkuu mwenyewe hadi alipostaafu. Ameinamishiwa vichwa na wazazi miaka na miaka. Sasa zamu yake ilikuwa imefika, na Amerika ni mbali, akainamisha chake kwa simu. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, na nilikuwa na hakika ameshatumaliza.

Jaji akauliza mama aliomba radhi kwa kosa gani. Wakili akajibu kwamba ni kosa la kupiga kelele. Jaji akauliza tena, polepole, kama mtu anayekoroga chai:

“Na usiku ule timu ya chuo iliposhinda, mashabiki walipopiga ngoma kwenye ngazi hizo hizo, mama zao walipiga simu?”

Watu mahakamani wakacheka. Wakili akasema hana habari hiyo. Jaji akataka kujua ni shabiki yupi aliyesimamishwa masomo. Hakuna.

Hakungoja siku nyingine. Akatoa amri pale pale: mwanafunzi arudi darasani mara moja, kesi iendelee baadaye. Mganda wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta, tukamgongea na sisi, tukarukaruka kitandani kama vichaa. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nikanyage Qatar.

Nikampigia Mama. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: “Kwa hivyo wamemsamehe?”

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Hamu iliniisha yote. Nikamwambia hakuna aliyemsamehe, kwa sababu jaji ametafuta kosa na hadi sasa hajaliona.

“Sema tena,” akasema.

“Hakukosa, Mama.”

“Tena.”

Nikasema tena.