Nilimlisha Kaka Yangu Pombe Ndani ya Achari, Kisha Nikamwombea

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usihangaike kunitafutia udhuru huko mbele, maana mwenyewe nimeutafuta karibu mwaka mzima na sijaupata.

Naishi Kyerwa, upande wa Kaisho. Jina langu liache. Mume wangu ni mtu wa ng'ombe, siku nyingi yuko malishoni, na mimi ni mpishi wa sherehe. Harusi, kipaimara, kumaliza matanga, huku kwetu wananiita. Pilau yangu wanaisifu, lakini kilichonitangaza zaidi ni achari. Natengeneza ya maembe mabichi, ya karoti, ya matango madogo, na naianika jua kwa jua mpaka chumvi iingie.

Kaka yangu ninayemfuata nitamwita Festo. Zamani alikuwa mlevi. Simsemi vibaya, kila mtu kijijini alimjua. Alikunywa rubisi, ile pombe ya ndizi, asubuhi kabla ya chai, na jioni akamalizia na gongo. Siku moja alitapika damu, daktari akamwambia ini limechoka, akiendelea atawaacha watoto. Akaacha. Miaka sita hakugusa hata tone. Usharika ukamchagua kuwa mzee wa kanisa, na kila mwaka alisimama mbele ya watu akasimulia alikotoka. Wanawake wenye waume walevi walimwita nyumbani kwao aongee na waume zao. Nilijivunia yule kaka, sijui nikuambieje.

Sasa sikia nilivyoharibu.

Mwaka jana dada mmoja wa Kayanga aliniomba nimpikie sherehe ya kumuaga binti yake. Akataka kitu kipya, kitu ambacho wageni hawajawahi kukiona. Akanionyesha kwenye simu watu wanaoloweka achari kwenye pombe kali, kisha yale maji yake wanayachanganya kuwa kinywaji cha kukaribishia wageni. Nikamwambia nitajaribu.

Nilinunua chupa za kinywaji kikali kule kule Kayanga, pasiponijua mtu. Nikachukua maembe na matango, nikayatia chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, halafu badala ya siki nikamimina pombe. Nikafunga vizuri, nikaacha wiki mbili. Nilipoonja, mama yangu! Embe lilikuwa linauma kwa utamu, na moto wake unashuka taratibu mpaka kifuani.

Siku ya sherehe nilichuja yale maji, nikatia ndimu na soda na barafu. Wageni waligombania. Niliporudi Kaisho simu hazikukatika, kila mwenye sherehe anataka ile ile.

Tatizo ni kwamba mimi ni mama wa usharika. Nikajua wanawake wenzangu wakisikia napika na pombe jikoni kwangu, hakuna atakayeniita tena kupikia kipaimara cha mwanawe. Kwa hiyo kila aliyeniuliza siri ya achari mpya nilimwambia ni siki. Siki nzuri ya mjini, basi. Uongo ule ulinitoka kirahisi, na kwa kuwa ulinitoka kirahisi sikuuogopa.

Jumapili moja baada ya ibada Festo akaja kula kwangu na mke wake. Achari ya siki ilikuwa imeisha. Kwenye kabati palikuwa na ile nyingine tu. Nilisimama pale na chupa mkononi, na nakumbuka kabisa nilichowaza. Niliwaza, kipande cha embe kina pombe gani? Nikaipeleka mezani.

Alikula ndizi na maharage, akachukua kipande, akachukua cha pili. Akaanza kumimina yale maji juu ya chakula, ule moto wake akidhani ni wa pilipili. Akasema tangu mama yetu afariki hajala kitu kitamu namna ile. Wifi yangu hakula, yeye pilipili inamsumbua tumbo. Walipoondoka Festo akaomba chupa abebe. Nikampa.

Wiki iliyofuata akarudi na chupa tupu. Nikampa nyingine. Akarudi tena. Hata yale maji alikuwa hayabakizi, chupa inarudi kavu. Kila aliponisifu nilijisikia vizuri, na kila alipoondoka moyo ulinipiga. Ningeweza kumtengenezea ya siki kwa siku moja tu. Sikufanya, kwa sababu angeuliza kwa nini ladha imebadilika.

Halafu akaja siku moja asubuhi, hana chupa. Nilikuwa namenya ndizi. Alikaa kwenye kigoda karibu na mimi. Kisha akaniambia kiu imemrudia. Miaka sita ilikuwa imelala, sasa anaamka nayo, anatembea nayo. Akipita karibu na kilabu cha rubisi miguu inageuka yenyewe. Alisema hajui amemkosea Mungu wapi. Amefunga siku tatu, lakini haiondoki.

"Dada, sijamwambia mtu," akasema. "Niombee."

Msomaji wangu, nilikuwa na kisu cha ndizi mkononi na jibu lote mdomoni. Nilikiweka kisu chini, nikanawa utomvu, nikamshika mikono nikamwombea. Nilimwomba Mungu amwondolee kaka yangu majaribu ya shetani. Yeye alilia. Mimi pia nililia, na machozi yale yalikuwa ya kweli, sijui hata nikuelezeje. Alipoinuka kuondoka aliniuliza kama achari ipo. Akasema ndiyo kitu pekee kinachomtuliza siku hizi.

Nikampa.

Hazikupita hata wiki mbili wifi yangu akanusa. Alikuta mume wake anasinzia chini ya mibuni mchana, anatoa harufu anayoifahamu. Alikuja kwangu. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama kwenye achari ile kuna kitu kingine, maana anachokula Festo siku hizi zaidi ya chakula cha nyumbani ni hicho tu. Aliniuliza mara moja. Nikamwambia, "Wifi, ni siki na chumvi. Muulize mwenyewe anapitia wapi akitoka shambani."

Hapo ndipo nilipomuuza.

Wazee wa kanisa wakakaa nyumbani kwa Festo, wakaniita na mimi kama ndugu. Watoto wake wawili wakubwa walikuwepo. Mwinjilisti alimuuliza kama amerudia pombe. Akasema hapana. Mke wake akasema harufu alinusa mwenyewe. Akasema hapana, anaapa kwa kaburi la mama. Mzee mmoja akaguna, akasema hata zamani uliapa hivyo hivyo.

Ndipo Festo akanigeukia. "Dada, wewe unanijua. Niliwahi kukuficha nini? Waambie."

Watu wote wakaniangalia. Ningesema maneno matatu tu pale, mambo yangeisha. Nikaangalia sakafu, nikasema, "Kaka, kama umeanguka kubali tu. Mungu ni wa rehema."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka niliwahi kuwa nani kwake. Kisha akawaambia wale wazee wafanye wanavyoona inafaa. Wakamvua uzee wa kanisa na kumweka chini ya nidhamu.

Kesho yake mchana alionekana kilabuni. Waliokuwepo wanasema aliingia, akasalimia wote kwa adabu, akaomba rubisi. Mmoja akamuuliza, waitu, ndugu yetu, si uliacha? Akajibu kwamba mke wake, dada yake na kanisa lake wameshasema yeye ni mlevi, basi yeye ni nani awapinge watu wote hao.

Miezi miwili tu. Kahawa ilianguka yenyewe chini ya mibuni, mke wake akiokota peke yake. Festo alikonda, macho yakawa ya manjano. Halafu akatapika damu tena, wakambeba kwa pikipiki, amefungwa katikati ya dereva na mtoto wake wa kwanza, mpaka hospitali.

Nilienda siku ya tatu. Wifi yangu nilimkuta nyuma ya wodi, penye mabomba ya kufulia, anafua shati la mumewe lenye damu. Niliwaza nisubiri amalize. Nikajua nikisubiri sitasema. Nikamwambia yote pale pale nikiwa nimesimama: pombe, Kayanga, kabati, maombi, kikao. Hakunikatisha. Aliendelea kufikicha lile shati mpaka nilipomaliza, akalikamua, akalikung'uta.

"Nilimwita mwongo mbele ya watoto wake," akasema.

Hakunitukana. Alichukua beseni lake akaingia ndani, mimi nikabaki na bomba linalotiririka.

Kwa Festo niliingia jioni. Alikuwa na dripu mkononi, tumbo limevimba. Nilipiga magoti nikamwambia. Nilitegemea anifukuze, na kusema kweli nilitamani anifukuze. Alifumba macho. Nikadhani amelala.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo," akasema taratibu.

"Hukuwa mwongo, kaka."

"Nilianza kujiuliza kama nakunywa bila kujijua. Nilidhani naingiwa na wazimu." Machozi yakamshuka pembeni mpaka masikioni, hakuyafuta. "Sasa naomba utoke kidogo, dada."

Jumapili mbili baadaye nilisimama kanisani, nikasema mbele ya usharika mzima nilichofanya. Mke wake alikuwepo, watoto walikuwepo, wazee waliomhukumu walikuwepo. Mimi ndiye niliyewekwa chini ya nidhamu, na ilinistahili. Kazi ya upishi imekufa. Mume wangu aliporudi kutoka malishoni na kusikia, aliniuliza swali moja tu: kama na yeye nilishamlisha. Nikamwambia hapana. Akasema, nitajuaje?

Festo alipona kiasi. Daktari amesema hana nafasi nyingine ya kuchezea. Ameacha tena, lakini safari hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza, naona kwa mikono yake inavyotetemeka akishika kitabu cha nyimbo. Walimwomba arudi kuwa mzee wa kanisa. Amekataa. Anakaa benchi la nyuma. Wanawake wenye waume walevi hawamwendei tena, na hilo linaniuma kwa sababu sijui ni nyumba ngapi zimekosa mtu wa kuongea nao kwa kosa langu.

Mwezi uliopita binti yangu alipata kipaimara. Nilimwalika mjomba wake nikijua hatakuja. Akaja, na mke wake, wamevaa vizuri. Akanisalimia, akamwekea mkono kichwani mwanangu akambariki. Wakati wa chakula ulipofika, nikapita na sinia nikiwapakulia wageni mmoja mmoja. Nilipomfikia yeye, wifi yangu alikuwa ameshafungua hotipoti waliyokuja nayo kutoka kwao, anampakulia mumewe ndizi na maharage.

Nikasimama mbele yao na sinia mkononi.

"Dada, nilikusamehe siku ile ile hospitalini," Festo akaniambia, kwa sauti ya chini, si ya kunikomoa. "Lakini mkononi mwako sitakula tena."

Nikamruka, nikampakulia aliyefuata.

Wewe unayepikia watu, sikia kutoka kwangu. Usimwamulie mtu kwamba kidogo hakitamdhuru. Mwili ni wake, na yeye ndiye anayejua kilichompata. Kilichomo kwenye chungu kitaje hata kama hujaulizwa. Na ukishadanganya mara moja, rudi siku hiyo hiyo useme, aibu ingali ndogo na mtu wako angali mzima. Mimi nilisema, ndiyo. Lakini nilisema wakati mke wake ameshalifua shati.