Dobi Aliyewazoesha Vyura Chumvi

Mzee Pasi, dobi, alikuwa mbishi wa kupindukia. Mwambie kumekucha, atatoka nje kwanza akahakikishe. Alifulia kwenye bwawa nyuma ya nyumba yake, pale pale alipofulia baba yake, na maji ya bwawa lile yalizidi kuwa ya chumvi mwaka hadi mwaka. Sabuni ilikataa kutoa povu. Mashati yakikauka yalisimama yenyewe bila mtu ndani. Yeye? "Maji ni yale yale, ndimi zenu ndizo zimeharibika!"

Mkewe, maskini, presha ilikuwa juu na miguu imevimba. Daktari alimkataza chumvi, lakini atapikaje bila chumvi wakati maji yenyewe ni chumvi? Binti yao, aliyeolewa kule mlimani kwenye maji matamu, aliwabembeleza wahamie kwake. Dobi akagoma katakata. Mwishowe mama wa watu akachoka.

"Sikiliza, baba. Daktari humsikii, mwanao humsikii. Basi vyura waamue. Siku wakihama bwawani, na sisi tunahama. Wakibaki, sifungui tena mdomo."

"Nimekubali!"

Haya, tazama sasa akili ya mtu mzima. Mteja wake mmoja, mwalimu wa sayansi, alikuwa amemweleza kwamba chumvi ya ghafla humkausha chura, maana ngozi yake inapitisha maji. Ila akizoeshwa kidogo kidogo, damu yake nayo hubadilika, na anaweza kuishi. Basi dobi akajaza mabeseni chumba cha kupigia pasi, akatia vyura, na kila asubuhi akawaongezea chumvi. "Jikazeni, wanangu, leo ni kidogo tu." Waliofuzu akawarudisha bwawani. Wengine walitoroka. Bwana harusi mmoja alitia mkono mfukoni mwa suti mbele ya wakwe, akatoa chura. Alipokuja kufoka, dobi akafoka zaidi: "Mshike taratibu, huyo yuko darasa la mwisho!"

Kila jioni bwawa likawa linapiga kelele hadi sufuria zinatetemeka. Dobi anakunywa chai, anachekelea. "Unawasikia, mama?" Mkewe kimya. Alishaahidi, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Akachukua ndoo yake, akaenda kuteka.

Shida ikaletwa na chura mmoja jike, mnene, mwenye baka mgongoni. Huyo alishindikana. Punguza chumvi, ongeza polepole, mbembeleze, wapi! Wenzake wanaogelea, yeye anang'ang'ania ukingo wa beseni, ngozi imesinyaa, macho yote kwa dobi. Mwalimu alipokuja kuchukua mashati yake, dobi akamuuliza, "Hivi huyu ana kiburi?"

"Kiburi gani, mzee? Wapo wanaoweza na wapo wasioweza. Huyo ukiendelea naye atakufa tu."

Jioni ile, mlangoni, dobi alimwona mkewe akirudi na ndoo. Hatua mbili, anashika ukuta, anahema. Hatua mbili tena. Jamani, roho ilimuuma mzee yule! Alikuwa amemtazama kila siku na hakuwahi kumwona. Akataka kusema nimekosa, lakini mbishi kama yule hilo neno angelitoa wapi?

Kulipokucha akajitosa bwawani na suruali yake. Mchana kutwa anaruka, anaanguka, anadaka vyura, anawatia kwenye mifuko mikubwa ya kubebea nguo za wateja. Giza lilipoanza kuingia, bwawa lilikuwa kimya. Akaingia jikoni akiburuta mifuko, tope hadi masikioni.

"Mama," akasema, anatweta, "vyura wamehama. Makubaliano ni makubaliano. Funga mizigo."

Mkewe akamtazama. Nyuma ya mumewe mifuko ilikuwa inarukaruka sakafuni, na humo ndani vyura wakaanza kulia wote kwa pamoja, kelele za kupasua masikio. Ikabidi mama apaze sauti ndipo asikike.

"Kweli wamehama, baba! Hata mimi siwasikii!"