Waliochanja Siku ya Mwisho

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na aibu yake sijaisahau. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni juzijuzi, nimeajiriwa kuweka kumbukumbu kwenye kompyuta katika ofisi ya mifugo hapa Garsen. Nilikuwa najiona, wacha tu. Mama yangu anapalilia mpunga Idsowe, mimi nimekaa kitini nabonyeza vitufe!

Ulikuwa wakati wa ukame. Wafugaji walikuwa wanateremsha ng'ombe huku kwetu kutafuta maji na nyasi, na kwa kuwa kulikuwa na ugonjwa, kila ng'ombe alichanjwa kwanza nje ya mji. Kazi ilianza tarehe mosi, ikaisha tarehe kumi na tano. Mimi niliandika jina la mfugaji, tarehe na saa, kwa sababu dawa ilitoka kwenye kasha la barafu na mkubwa wetu alitaka kujua imekaa juani muda gani. Jioni naingiza yote kwenye kompyuta. Mkubwa huyo alikuwa Daktari Hadija, mama mpole, lakini akikutazama juu ya miwani unanyooka mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe kumi na sita nikaiuliza kompyuta: nipe waliochanja kuanzia tarehe mosi mpaka tarehe kumi na tano. Ikanipa. Nikachapisha orodha, nikaipeleka mwenyewe kwenye kizuizi kilichowekwa njia ya mtoni. Aliyemo apite, ateremke mtoni. Asiyemo arudi alikotoka.

Haikupita muda nikaitwa. Mzee Abdi, mfugaji Msomali wa kutoka Bangale, alikuwa amezuiliwa na ng'ombe wake. Ng'ombe walikuwa wamenusa maji, wanalia, na ndama wawili walikuwa wamelala chini hawawezi kuinuka.

"Binti," akaniambia, "mimi nimechanja jana. Angalia rangi."

Kweli, kila ng'ombe alikuwa na alama ya buluu mgongoni, ile tuliyowapaka waliochanjwa, bado mpya. Na mimi, mwanangu, unajua nilimjibu nini? "Mzee, kompyuta haidanganyi. Wewe humo." Nikageuka niende zangu. Mtu mzima yule, umri wa babangu!

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema polepole tu, "Kompyuta yako iliniona wapi? Wewe uliniona. Wewe umeandika jina langu jana, saa tisa. Wallahi hawa ndama hawafiki jioni."

Nilikuwa nimemwandika kweli, kwa mkono huu huu. Nikarudi ofisini mbio, kiatu kimoja karibu kinitoke.

Daktari Hadija akaja kusimama nyuma yangu. "Tafuta kwenye orodha yako mtu mmoja tu wa jana," akasema. Nikatafuta. Hakuna hata mmoja. "Kwani jana tulilala?"

Hapo ndipo nikaelewa. Ile mashine ukiitajia tarehe bila saa, inachukulia kwamba umesema saa sita usiku, siku inapoanza tu. Nilipoiambia mpaka tarehe kumi na tano, ilisimama mlangoni mwa siku hiyo, haikuingia ndani. Na nani anachanja ng'ombe saa sita usiku, jamani? Watu wote wa siku ya mwisho niliwaacha nje.

Nikauliza upya: kuanzia tarehe mosi, kabla ya tarehe kumi na sita. Orodha ikarefuka. Na majina yaliyoongezeka yalikuwa ya wapi? Bangale, Nanighi, huko mbali. Wa karibu walishakuja zamani, wakamaliza.

"Unaona uliowafungia?" Daktari akasema. "Ni wale waliotembea zaidi."

Nilikimbia na ile karatasi. Kizuizi kilipoondolewa nikamwomba Mzee Abdi msamaha mbele ya watu, machozi yananitoka. "Basi, binti. Maji kwanza," akasema, akambeba ndama mmoja mabegani, na mtu mwingine akambeba wa pili. Wote wawili walikunywa. Nilisimama pale nikiwatazama mpaka wakasimama kwa miguu yao, na mpaka leo nikikumbuka nafurahi.

Sasa wewe umepata kazi hiyo hiyo, nami nina raha kuliko unavyojua. Basi nisikilize. Ukitaka siku kadhaa, usiiambie mashine iishie siku ya mwisho. Iambie ichukue yote yaliyo kabla ya siku inayofuata. Kisha usiiamini hivi hivi: mtafute mtu mmoja unayemjua wa siku ya mwisho, uone kama yumo. Na mtu akisimama mbele yako akakwambia "nilikuwepo", mtazame yeye kwanza kabla hujaitazama karatasi. Huenda ndiye aliyetoka mbali kuliko wote.

Mungu akupe siku nyingi, mwanangu, na kila moja akuhesabie nzima, hata ile ya mwisho.