Nilitaka Kuambiwa Ni Ipi

Uvimbe ulipotokea shingoni, nililaumu kikapu. Mchumaji yeyote wa chai huku kwetu Kapkatet angefanya hivyo hivyo. Kikapu kinakaa mgongoni, mshipi wake unapita begani karibu na shingo, na majani yakiwa na umande yanavuta kweli kweli. Kila mmoja wetu ana alama yake. Mwingine ana sugu, mwingine bega moja limeshuka. Kwa hivyo nilipogusa shingo upande wa kushoto nikapata kitu kama harage chini ya ngozi, nikasema, aa, huo ni mshipi. Wenzangu shambani wakakubali bila hata kuangalia. Mmoja akaniambia nikunje leso niiweke chini ya mshipi. Mwingine akaniletea siagi ya ng'ombe, nikawa nasugua asubuhi na jioni. Nilinuka mpaka paka wa jirani akaanza kunifuata.

Nikahamishia mshipi bega la kulia. Uvimbe haukuuma, na hilo ndilo lililotudanganya sote, maana sisi tunaamini kitu kisichouma si ugonjwa. Harage likawa mawili, matatu. Kisha likatokea lingine kwapani, mahali ambapo mshipi haujawahi kufika tangu chai ipandwe katika nchi hii. Hapo nikaanza kushuku. Nilikuwa naamka nguo zimelowa jasho, na huku kwetu kuna baridi hata mbwa analala karibu na jiko. Sketi zikaanza kunishuka kiunoni. Nikajiambia, mwanamke, mficha maradhi kifo humuumbua, vaa viatu uende hospitali.

Hospitalini walishuku kifua kikuu kwanza, kwa sababu uvimbe wa shingo huku mara nyingi ni hicho. Wakapima, hakikuwa hicho. Wakachoma sindano kwenye uvimbe, wakasema walichopata hakitoshi kusema lolote la uhakika. Mwishowe wakanipasua kidogo, wakatoa tezi moja nzima. Kusubiri majibu ndiko kulikonichosha kuliko kisu. Nilichuma chai kwa hasira siku zile, na kila aliyeniuliza habari ya shingo nilimjibu vibaya.

Siku ya majibu nilikwenda peke yangu. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka mingi, na hakuzungukazunguka. Alisema ni saratani.

Sasa lazima nieleze kwa nini lile neno lilinipiga mara mbili. Nyumbani kwetu lilikuwa limeshaingia kabla. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alifura tumbo upande wa kushoto, akakonda, akawa anachoka akipanda kilima kidogo tu. Alipopelekwa hospitali, waliompeleka wakaambiwa ni kansa ya damu, na kwamba kuna vipimo vingine vya kufanywa. Ukoo haukungoja hivyo vipimo. Walisikia "kansa ya damu", wakamrudisha nyumbani ili afe akiwa kwake, kati ya watu wake, kama mtu. Waliona wanamtendea wema. Mimi wakati huo nilikuwa bado kwa mume wangu, mbali, upande wa Longisa. Nilikuja kuzika tu. Baadaye ndoa ilinishinda, nikarudi kwa mama, akanikatia kipande changu cha chai, tukaishi wawili.

Kwa hivyo nilimuuliza daktari waziwazi, "Hii ni kansa ya damu?"

"Watu huziita zote hivyo, mama," akasema. "Lakini ni ndugu wasiofanana tabia."

Akanieleza, na mimi nikasikiliza kama mtu anayeonyeshwa mpaka wa shamba lake. Akasema kuna lukemia. Hiyo huanzia kwenye uboho, ile nyama laini ndani ya mfupa ambako damu hutengenezwa. Chembe nyeupe huharibika, huzaana ovyo, zikajaa kwenye damu yenyewe. Ipo ya haraka, ambayo isipotibiwa humbeba mtu kwa wiki chache, na ipo ya polepole. Kuna mayeloma. Hiyo nayo hukaa kwenye uboho, lakini imeshika aina nyingine ya chembe, zile za kutengeneza kinga, nayo hutafuna mifupa. Mtu analia mgongo, mbavu zinavunjika kwa kukohoa tu, figo zinachoka. Na kuna limfoma, ambayo hukaa kwenye tezi za shingoni, kwapani, kwenye kinena, mahali mwili unapoweka askari wake. Limfoma zenyewe ni makundi mawili: Hojikini, na zile zisizo Hojikini, ambazo ni nyingi na kila moja ina mwendo wake. Kwa kutazama uvimbe tu huwezi kuzitenganisha. Ndiyo maana walitoa tezi nzima, wakaitazama kwa darubini.

"Yako ni Hojikini," akasema. "Hii mara nyingi inatibika hadi kuisha kabisa, ukianza sasa na usipokatiza."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Pengine aliona nina kiburi, au sisikii vizuri, lakini mimi nilijua ninakwenda nyumbani kupigana.

Na vita nilivikuta. Nilipomwambia mama tu, akamwita baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Tulikaa sebuleni, akaomba Mungu kwanza, ombi refu, akanitaja ndani yake kana kwamba nimeshaondoka. Kisha akasema, "Msichana wangu, hili neno tunalijua. Lilipita hapa. Hospitali haikumsaidia kaka yako. Kaa nyumbani, tukutunze, tukuombee. Usiende kuteswa na madawa bure."

"Yangu si kama ya kaka," nikasema.

"Kansa ni kansa."

Loo! Damu ilinipanda. Sijui mtu mwingine angefanya nini, lakini mimi nilisimama, nikasahau adabu, nikamwelekea mama. "Mama, wewe ukifika kwenye kituo cha kuuzia majani, karani akisema majani yako ni yale yale ya jirani, utakubali? Wewe unayepitisha mkono kwenye gunia ukalitoa jani moja gumu ukiwa umefumba macho! Jani moja! Majani mawili na kichipukizi, kila siku ya Mungu, ole wake atakayechanganya. Na nyinyi ndio hao mnaokaa hapa mnaniambia kansa ni kansa?"

Baba mdogo akasema sauti ya mwanamke haipandi hivyo mbele ya wazee. Nikamwambia ya maiti haipandi kabisa.

Lakini mama ndiye aliyenivunja nguvu, si yeye. Hakunikemea. Alisema kwa sauti ndogo, "Wewe unataka nizike wawili." Akageuza uso ukutani. Kwetu hapa mtu hafungi safari nzito mama yake akiwa amempa kisogo. Hata sisi wa kanisani, hilo tunaliogopa. Nilitaka kupiga magoti nimwombe, na pengine kama ningefanya hivyo ningebaki nyumbani hadi leo, chini ya udongo, kando ya kaka. Nikachukua leso yangu, nikasema, "Mama, nitakwenda ukiwa umenuna. Nikipona utanuna vizuri zaidi."

Nikaenda.

Dawa si mchezo. Nilikuwa natundikiwa chupa hospitalini Kericho kila baada ya wiki mbili. Moja ilikuwa nyekundu, na mkojo ulitoka mwekundu siku ile mpaka nikacheka peke yangu chooni. Nywele zilianguka. Nilikataa kuvaa kitambaa. Nilikwenda hata kwenye kituo cha majani na upara wangu ukimeremeta, na yule mwanamke wa siagi akaangalia pembeni. Kuna siku nilitapika mpaka nikamtukana daktari moyoni, yeye na Hojikini yake. Lakini lile harage la kwanza lilianza kulainika. Nililishika kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Likawa dogo. Siku moja nikalitafuta nikalikosa, nikalia kwa sauti.

Mama alikuwa hasemi nami vizuri, lakini alinipikia. Tena aliniletea mursik, maziwa yetu yaliyolala ndani ya kibuyu na masizi yake, akasema yataongeza damu. Daktari alikuwa amenikataza maziwa yasiyochemshwa, kwa sababu dawa huangusha chembe nyeupe na kijidudu kidogo tu kinaweza kukumaliza. Kumwambia mama wa Kikipsigis kwamba mursik yake itaniua, jamani! Nilikunywa maji moto mbele yake siku nyingi, na yeye akamimina kikombe changu kwa fujo akakinywa mwenyewe, akinitazama. Wawili wenye kichwa kigumu ndani ya nyumba moja. Lakini kile kibuyu hakukileta tena mezani kwangu.

Kisha, asubuhi moja ya kwenda Kericho kwa dawa, nikamkuta mlangoni amevaa koti lake la kanisani na viatu. "Nataka kumwona huyo daktari wako anayepinga maziwa," akasema. Nilifurahi mpaka nikakosa pa kuficha uso.

Tulikaa kwenye benchi la kliniki. Kando yetu alikuwa mzee mmoja mwenye afya, kofia safi, mikono ya kazi. Mama alimsalimu kwa lugha yetu, akamuuliza anamleta nani.

"Mimi ndiye mgonjwa," mzee akasema. "Nina kansa ya damu. Lukemia, ile ya polepole. Nakunywa vidonge kila siku, hii ni miaka mingi sasa. Nachuma chai yangu mwenyewe."

Mama akamtazama kutoka kofia hadi viatu. "Ilianza vipi?"

Mzee akaweka mkono tumboni upande wa kushoto, chini ya mbavu. "Hapa palifura. Wengu. Nikakonda, nikawa nachoka. Wenzangu walisema ni malaria ya zamani. Wengine walisema nirudi nyumbani tu nikafe." Akacheka. "Mke wangu ndiye aliyekataa. Alisema hawezi kuzika mtu anayemaliza sahani."

Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Aliuangalia ule mkono wa mzee mpaka mzee mwenyewe akauondoa.

Wakaniita ndani. Daktari alinipapasa shingo, kwapani, akanionyesha picha mpya, akasema hakuna tezi iliyobaki na uvimbe. Nimalize dawa zilizobaki, kisha niwe nakuja kuangaliwa. Nikamwambia kongoi, asante, kwa lugha yangu, kwa sababu Kiswahili kilinitosha kwa kugombana lakini si kwa hilo. Nilitoka pale nikitembea kwa madaha, upara na yote. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mama, na mengine makali zaidi ya kumwambia baba mdogo, sentensi nzima nzima, nikiyafurahia.

Mama alikuwa pale pale kwenye benchi. Yule mzee alikuwa ameshaitwa. Nikamwambia, "Mama, imeondoka." Akanishika mkono, akanivuta nikae, akaufinya mpaka ukauma. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Kisha akasema, "Na ya kaka yako? Ilikuwa ipi?"

Ningeweza kusema ilikuwa ile ya haraka, isiyongoja mtu. Angelala vizuri. Jibu lilikuwa tayari ulimini. Lakini nilikuwa nimepigana na nyumba nzima ili niambiwe ukweli wa mwili wangu, na yeye alikuwa ameniuliza akiniangalia machoni, hakugeuka ukutani.

"Hatujui, Mama," nikasema. "Tulimleta nyumbani kabla hawajatuambia."

Nilisema "tulimleta", ijapokuwa mimi sikuwepo.

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa, polepole. Watu walipita mbele yetu. Muuguzi akaita jina la mtu mwingine. Nilidhani ataanza kulia kwa sauti, nikajiandaa kumshika.

Alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akasimama.

"Usimwambie baba yako mdogo," akasema. "Nitamwambia mimi."