Barua ya Afisa Kwenye Ubao

Jamani, kuna watu wanafungwa na polisi, na kuna huyu, aliyefungwa na baba yake kwa mapenzi mpaka akakosa pa kupumulia. Mzee alikuwa mlinzi wa geti la chuo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Chuo kilipotoa nafasi moja kwa mtoto wa mtumishi, kozi iliyobaki ilikuwa usimamizi wa rasilimali watu. Mzee hakuuliza mtu, akajaza fomu. Tangu siku ile kijana akawa hana jina, ni Afisa tu. Kila asubuhi baba anakaza mkanda, anapiga saluti mbele ya wanafunzi wote: "Pita, Afisa!" Nao wanacheka mpaka basi.

Afisa mwenyewe moyo wake ulikuwa kwa fundi friji wa mtaa wa pili. Huko mikono yake ilishika kazi bila kuelekezwa mara mbili. Darasani, sera za likizo na fomu za tathmini ziliingia sikio hili zikatokea lile. Fundi alishamwambia, "Mdogo wangu, Jumatatu nafungua tawi, nataka mtu wa kulisimamia. Ukisuasua namchukua mwingine." Kumwambia baba sasa, hapo ndipo penye kazi. Kila akifungua mdomo, anaishia kuomba nauli.

Wiki hiyohiyo mkufunzi akatoa zoezi: andika barua ya kuacha kazi, ya mtumishi yeyote wa kubuni. Kwa mara ya kwanza tangu aingie chuo, kalamu ya Afisa ikakimbia. "Kwako Mwajiri. Cheo hiki sikukiomba. Nashukuru kwa kuniamini, lakini kila siku navaa shati la mtu mwingine. Naomba uniachie kabla sijaanza kukuchukia." Alimaanisha kila neno. Mkufunzi, bila kujua hili wala lile, akampa alama za juu, akaibandika barua kwenye ubao wa matangazo, palepale getini.

Lahaula! Ijumaa mchana Afisa anatoka, anamkuta mzee na miwani usoni, anawasomea walinzi wenzake kwa sauti.

"Mnasikia? Huyu wangu anaandika mpaka unadhani ni kweli!"

Wenzake wakampongeza, wakaenda zao kula. Wakabaki wawili. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaifuta tena wakati imeshatakata.

"Huyu mwajiri," akauliza bila kumtazama, "alimkosea nini kijana wa watu?"

"Hakumkosea, baba."

"Basi ni mfano tu. Sivyo, mwanangu?"

Hakumwita Afisa. Nafasi ndiyo hiyo, neno moja tu lilitosha. Lakini Afisa aliuona mkono wa baba umeing'ang'ania kamba ya geti, na roho ikamuuma vibaya.

"Mfano tu, baba."

Mzee akashusha pumzi ndefu, akavaa miwani yake.

Jumatatu asubuhi, saa ambayo fundi alikuwa akimkabidhi mtu mwingine funguo za tawi, saluti ikapigwa getini kwa nguvu kuliko siku zote.

"Pita, Afisa!"

Naye akapita.