Siku Niliyoukuta Msiba Wangu

Jamani, chekeni tu, ila msicheke mbele ya mke wangu, maana hadi leo nikipita pale kijijini kwetu Kamuli kuna watu wananiita Marehemu, na mimi naitika.

Tangu kaka yangu aanguke akichuma kahawa na kufa papo hapo, nilikuwa naishi na hofu: moyo unadunda ghafla, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata, usingizi sina. Hospitali wakanipima, daktari akasema moyo ni mzima, hii ni hofu ya msiba, nenda kwa mshauri nasaha chumba cha pili. Mimi huyo, mlango wa nyuma! (Nionekane kichaa, mwanaume mzima na migomba yangu?)

Basi siku ya gulio Nkwenda hali hiyo ikanishika katikati ya watu. Giza machoni, jasho la baridi, nikajua ni ileile iliyomchukua kaka. Nikampigia shangazi, "Shangazi, ndo nakufa, nitunzieni wanangu," simu ikazima chaji. Nikajikokota nyuma ya magunia ya maharage, nikatetemeka weee nikisubiri kufa, kifo hakikuja. Jua lilipoanza kushuka nikanywa chai, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani.

Lo! Turubai limefungwa, nyasi za kukalia waombolezaji zimetandikwa sebuleni, mikungu ya ndizi imekatwa shambani kwangu mwenyewe (tena ile mikubwa!), vijana wamekwenda Nkwenda kuutafuta mwili wangu, na mke wangu yuko chini, sauti imemkauka. Shangazi ndiye aliyeniona kwanza.

"Waitu, jamani! Mzimu!"

Watu wakatimua mbio, mmoja na sufuria mkononi. Nikawa nasema, "Ni mimi, ni mimi," aibu inanichoma, na moyo ukaanza tena kudunda.

Aliyebaki amesimama ni binti yangu wa miaka sita, kashika nguzo ya turubai. Hakunikimbilia. Akauliza taratibu, "Baba, utakufa tena lini?"

Hapo niliogopa kuliko hata kule Nkwenda, wallahi, maana niliona hofu yangu imeshahamia kwa mtoto.

Kesho yake nikaingia hospitali kwa mlango wa mbele, nikauliza kwa sauti chumba cha mshauri kiko wapi, anayesikia asikie. Bado naenda. Hofu inapungua polepole, na mlango wa nyuma siupiti tena. Ila kila nikitoka gulioni, binti yangu hunishika kwanza mkono, akihisi una joto ndipo anasema, "Shikamoo, baba."